Juu ya nini tiyo inaruka? Hesabu ya maji, hewa na kiwiko



Mwezi wa tisa, mwanzo wa mwaka huu wa masomo, wote mulisikia kishindo nyuma ya jiko la internati: pu! pu! pu! Kisha sauti ya chuma, kisha maji kuruka mpaka kwenye madirisha. Tiyo ya maji, iliyokuwa imetengenezwa wakati wa likizo, ilitoka ukutani ikavunjika kwenye kiwiko, pale mafundi wanapoita kude. Mdogo wetu mmoja wa kilasi ya kwanza, aliyekuwa anangoja na bidoni yake, alipigwa begani na ncha ya tiyo. Alilala siku mbili katika dispansari. Sasa amepona. Sisi wengine tulichota maji mtoni siku tano.

Siku ile ile neno moja lilitembea katika mabweni na makilasi yote: "Fundi alifunga vibaya." Sisi wa kilabu ya sayansi tulilisema pia, tena kwa sauti kubwa kuliko wengine. Sehemu ya mwisho ya mshahara wa fundi ikazuiwa.

Lakini kuna jambo ambalo hatukulisema. Vane ya juu, ile ya kwenye tangi ya chemchem, tuliifungua sisi asubuhi ile. Fundi mzee alikuwa ametuonya mbele ya kwenda kwake: "Bana, mufungue mayi polepole. Hewa iko ndani ya tiyo. Hewa iko na hasira." Sisi tulicheka. Hewa inaweza kuwa na hasira namna gani? Tena tulikuwa na haraka ya kuingia kilasi. Tukazungusha vane yote mara moja.

Wiki mbili kisha, profesa wetu wa fizika alituuliza swali moja tu: "Ile kude ilisukumwa na nguvu ngapi?" Hakuna aliyejibu. Kumbe tulikuwa tumemhukumu mtu bila kupima kitu. Basi tulikaa na daftari, tukafanya hesabu. Tunaileta hapa kwa Kiswahili, ingawa katika kilasi tunajifunza fizika kwa Kifaransa, ili hata ndugu zetu wa kilasi ya kwanza na wafanyakazi wa jikoni waweze kufuata.

1. MAJI NA HEWA KATIKA TIYO MOJA

Kila mtu amekwisha kuona robine inayokohoa. Unaifungua, inatema maji, inanyamaza, inapuliza hewa, inatema tena. Na ukiwa umeshika mpira wa kumwagilia bustani, unasikia mpira unaruka mkononi kila mara hewa inapoisha na maji yanapofika. Mambo yote ya makala hii yako katika ule mruko mdogo wa mkononi.

Maji na hewa vikipita pamoja katika tiyo iliyolala, vinaweza kutembea kwa namna nyingi. Vikienda polepole sana, maji yanapita chini na hewa inapita juu, kila mmoja katika njia yake, kama mto na upepo. Hewa ikiongeza mwendo, inaanza kuinua mawimbi juu ya maji. Wimbi likikua mpaka kugusa sehemu ya juu ya tiyo, linafunga njia. Sasa hewa ya nyuma haina pa kupita. Inajikusanya, inabana, inasukuma lile wimbi lote mbele. Wimbi limekuwa kizibo. Kizibo kimoja kinapita, kisha nafasi ya hewa, kisha kizibo kingine. Ndiyo sababu robine inakohoa kwa zamu.

Katika tiyo yetu kuna jambo lingine. Tiyo inatoka chemchem ya kilimani, inashuka, inapanda mgongo mdogo, kisha inashuka tena mpaka jikoni. Maji yakikatika, yanabaki kidogo mahali pa chini, na hewa inabaki mahali pa juu. Mwezi wa tisa, kiangazi kilikuwa hakijaisha vizuri, chemchem ilikuwa imepunguka, tena tiyo ilikuwa imekaa tupu wakati wa kutengenezwa. Kwa hiyo hewa ilikuwa nyingi.

Fikirini sasa ile bunduki ya mwanzi ya watoto. Mtoto anaziba mwanzi kwa kizibo cha majani yaliyotafunwa, anasukuma kijiti kwa nyuma, hewa inabanwa katikati, na kizibo kinaruka: pa! Sisi tulipofungua vane mara moja, maji ya mlima yalikuwa kijiti. Hewa ya mgongoni ilibanwa. Maji yaliyobaki chini yalikuwa kizibo. Na mbele ya kizibo hapakuwa na kitu cha kukizuia ila hewa nyepesi na robine wazi za jikoni.

2. HESABU YA KIWIKO

Newton, Mwingereza, aliandika mwaka 1687 kwamba kitu kinachotembea kinaendelea mbele kwa njia iliyonyoka kama hakuna nguvu inayokigeuza. Maji nayo hayapendi kukata kona. Yakifika kwenye kiwiko, ni lazima chuma kiyasukume ili yageuke. Na yenyewe yanasukuma chuma kwa nguvu ile ile, kuelekea upande wa nje wa kona.

Nguvu hiyo ni ngapi? Tufuate hatua kwa hatua. Tuite d uzito wa maji katika metre moja ya kibiko, ni kusema kilo 1000. Tuite S upana wa tundu la tiyo. Tuite v mwendo wa maji. Kila sekonde, kilo za maji zinazofika kwenye kiwiko ni d x S x v. Katika kiwiko kilichokunjwa sawasawa, kama kona ya meza, kila kilo inapoteza mwendo wake wote wa zamani na kupata mwendo mpya wa upande mwingine. Kwa hiyo nguvu kwa kila upande ni:

F = d x S x v x v

Nguvu hizi ni mbili, zimesimama kama kona ya meza. Kwa teoremu ya Pythagoras, jumla yake ni F mara 1,41.

Tiyo yetu ni ya pusi mbili. Tundu lake lina milimetre 53 hivi, na S inakuwa metre za mraba 0,0022.

Siku ya kawaida maji yanajaza tiyo na kwenda tuseme metre 1,5 kwa sekonde. Tunapata 1000 x 0,0022 x 1,5 x 1,5, ni karibu newton 5. Mara 1,41 inakuwa newton 7. Hiyo ni kama uzito wa grami 700. Hata mtoto anaweza kuushika kwa kidole.

Sasa tuchukue kizibo kinachosukumwa na hewa iliyobanwa, tuseme kwa metre 10 kwa sekonde. Tunapata 1000 x 0,0022 x 10 x 10 = newton 220. Mara 1,41 inakuwa newton 311 hivi. Hiyo ni kama uzito wa kilo 31.

Mumeona? Tiyo ni ile ile, maji ni yale yale, kiwiko ni kile kile. Kutoka grami 700 tumefika kilo 31, mara 44. Juu ya nini? Kwa sababu v inaingia katika hesabu mara mbili. Mara ya kwanza, mwendo ukiongezeka, kilo nyingi zaidi zinafika kila sekonde. Mara ya pili, kila kilo inafika na mwendo mkubwa zaidi wa kugeuzwa. Ukizidisha mwendo kwa mbili, nguvu inazidi kwa nne. Ukizidisha mwendo kwa tatu, nguvu inazidi kwa tisa. Hapo ndipo hasira ya hewa inapotoka. Hewa yenyewe ni nyepesi, haigongi kitu. Kazi yake ni kuyapa maji mbio.

3. PIGO LA GHAFULA

Profesa alituambia kama hatujamaliza. Kilo 31 zilizowekwa taratibu si sawa na kilo 31 zinazofika ghafula.

Mutajaribu wenyewe. Chukua mizani ya kamba, ile ya sokoni yenye springi ndani. Tundika mfuko wa unga wa kilo 10 taratibu: mshale unasimama kwenye 10. Sasa inua mfuko kwa mkono mpaka mshale urudi kwenye sufuri, kisha uachilie mara moja. Mshale unaruka kupita 10, unakaribia 20, kisha unarudi na kucheza mpaka unatulia. Mfuko haukuongezeka. Lakini springi imevutwa karibu mara mbili.

Tiyo iliyofungwa ukutani ni springi pia. Kizibo kikifika ghafula, tiyo na vyuma vinavyoishika vinaweza kuona mpaka mara mbili ya ile nguvu. Zile kilo 31 zinakuwa kama 62. Ni sawasawa na mkubwa mmoja wa kilasi ya sita kuruka juu ya kiwiko! Na hakuruka mara moja. Aliruka, akashuka, akaruka tena, kila kizibo kilipopita.

Hapa kuna hatari nyingine. Kila tiyo ina mchezo wake, kama tawi la mti. Ukilivuta na kuliachilia, linacheza kwa mwendo wake wenyewe. Kama vizibo vinakuja kwa zamu inayolingana na mchezo huo, kila pigo linaongeza pigo lililotangulia, sawa na kumsukuma mtoto katika bembea kila anaporudi. Hata pigo dogo, likija kwa saa yake, linaweza kuleta mruko mkubwa.

4. JUU YA NINI TIYO ILIYOJAA INATULIA

Mwenzetu mmoja aliuliza swali zuri: kwani presha ya maji ya mlimani si kubwa kuliko newton 311? Ni kweli. Chemchem ikiwa metre 30 juu ya jiko, presha peke yake inasukuma kila kiwiko cha tiyo hii kwa newton 600 na zaidi kwa kila upande. Basi juu ya nini tiyo hairuki kila siku?

Jibu ni hili. Nyuma ya jiko kuna viwiko viwili, na katikati yake tiyo iliyonyoka ya metre 4. Tiyo ikijaa, kiwiko cha kwanza kinasukumwa kurudi nyuma, na cha pili kinasukumwa kwenda mbele, kwa nguvu sawasawa, kwa saa moja. Ni kama makundi mawili yanayovutana kamba, na hakuna anayeshinda. Kamba imekazwa, lakini haitembei. Chuma cha tiyo ndicho kamba, na ni kigumu, kinaweza kuvumilia hayo miaka mingi.

Lakini kizibo cha urefu wa metre 2, kikienda metre 10 kwa sekonde, kinapiga kiwiko cha kwanza kwa sehemu mbili za kumi za sekonde. Wakati huo kiwiko cha pili hakijasikia kitu, kwa kuwa kizibo kitakifikia sehemu nne za kumi za sekonde baada ya kugusa cha kwanza. Kundi moja limevuta kamba wakati lingine limelala! Tiyo yote inasukumwa nyuma. Kisha kizibo kinafika mbele, na tiyo yote inasukumwa mbele. Nyuma, mbele, nyuma, mbele. Misumari ya ukutani inalegea. Na mahali dhaifu ni pale chuma kilipochongwa meno ili kiwiko kizungushwe juu yake, kwa sababu pale chuma ni chembamba. Tuliangalia tiyo iliyovunjika: ilikatika pale pale, kwenye meno. Fundi alikuwa ameyafunga vizuri, filasi bado ilikuwa imekaza ndani.

5. WENGINE WANAOPATA TAABU HII

Musifikiri jambo hili ni la jiko letu tu.

Sisi wa Kivu tuna mfano mkubwa mbele ya macho yetu. Ndani ya Ziwa Kivu, chini sana, gazi ya metani imeyeyuka katika maji. Tangu mwaka 1963 watu walianza kuitoa karibu na Gisenyi, upande wa Rwanda, na ilitumiwa katika kiwanda cha pombe. Mwaka 2016 Rwanda ilizindua kituo cha KivuWatt, cha megawati 26, kinachochota maji ya chini, metre 350 hivi. Namna ya kuyachota ni ya kushangaza: yakianza kupanda katika tiyo, presha inapunguka, gazi inatoka kama mapovu ya limonadi ukifungua chupa, na mapovu yanafanya maji ya tiyo kuwa mepesi. Basi yanaendelea kupanda yenyewe. Lakini mapovu yanaweza kuungana na kuwa makubwa, na maji katikati yake yanakuwa vizibo. Kwa hiyo wenye kujenga tiyo za namna hii wanapaswa kufanya hesabu kama hii yetu, ila kwa tiyo kubwa zaidi.

Kwa mafuta ya petroli ni vile vile. Kisima cha petroli kinatoa mafuta, maji na gazi pamoja, na kule Moanda, kwenye bahari, nchi yetu inatoa petroli tangu miaka ya 1970. Tiyo ikilala chini ya bahari kisha ikapanda, mafuta yanaweza kujikusanya kwenye kona ya chini na kuziba, mpaka gazi ya nyuma ipate nguvu ya kuyarusha yote. Mahali panapoogopwa hivyo wanaweka tangi kubwa ya kupokea vizibo, na kufunga tiyo kwa vyuma vinene. Tufanye hesabu: tundu la santimetre 15, kizibo cha maji, metre 20 kwa sekonde. S ni 0,0177. Jumla kwenye kiwiko ni newton 10 000, karibu uzito wa tani moja. Na ikifika ghafula, inaweza kuwa kama mbili.

Mvuke una hatari yake pia. Mvuke ukipoa katika tiyo unakuwa maji, na mvuke wa nyuma unaweza kuyatupa mbele. Au povu la mvuke linazungukwa na maji baridi, linatoweka mara moja, na maji yanagongana pale lilipokuwa. Tarehe 18 mwezi wa saba 2007, katika mji wa New York, Marekani, tiyo ya mvuke iliyowekwa chini ya barabara mwaka 1924 ilipasuka kwa pigo la namna hii ya pili. Mtu mmoja alikufa, na makumi waliumia.

6. MAMBO YA KUFANYA

Dawa ya kwanza ni kutoa hewa. Mahali pa juu pa tiyo panahitaji robine ndogo ya kutolea hewa. Hewa ikitoka pale, haitakuwa na mtu wa kusukuma.

Ya pili ni kufungua polepole. Hii haina bei. Mwendo ukipunguka kwa nusu, nguvu inapunguka mara nne.

Ya tatu ni kuangalia chemchem. Mdomo wa tiyo ukae chini ya maji saa zote. Kiangazi maji yakipunguka mpaka mdomo uonekane, tiyo inavuta hewa kama mtu anayemaliza kinywaji kwa mrija.

Ya ine ni kushika tiyo karibu na kiwiko, pande zote mbili, kwa kitu kizito. Kamba ya chuma na misumari miwili vinatosha kubeba uzito wa tiyo unaovuta chini. Haviwezi kuzuia pigo linalotoka upande.

Wengine wanasema: tutumie kona ya mviringo, maji yapite kwa ulaini. Kona ya mviringo ni nzuri, lakini isiwadanganye. Kama kizibo ni kirefu kuliko kona, kazi ya kukigeuza ni ile ile. Kinachosaidia ni kugawa kona: viwiko viwili vya nusu-kona, vilivyo mbali kidogo, kila kimoja kinapata newton 168 pahali pa 311.

7. KUMALIZIA

Tulipeleka daftari yetu kwa Bwana Ekonome. Aliisoma yote, hata akarudia hesabu kwa kalamu yake. Kisha akauliza: "Na vane ilifunguliwa na nani?" Tukanyamaza. Kisha tukasema. Alituangalia muda mrefu. "Hesabu ni muzuri," akasema. "Mutaiandika katika bulletini, na ile ya vane mutaiandika pia." Ndiyo sababu mumesoma yote hapo juu. Fundi alilipwa mshahara wake uliozuiwa, nasi tulikwenda kwake kumwomba msamaha. Kwa mdogo wetu wa kilasi ya kwanza tulikwenda mbele ya fundi.

Mzee alirudi mwezi wa kumi. Alijenga beto pande mbili za kila kiwiko, akaweka robine ndogo juu ya mgongo. Siku ya kufungua tulikuwa pale. Alizungusha vane kidogo tu, akakaa juu ya jiwe. Robine ndogo ilipiga filimbi muda mrefu, kisha ikatema, kisha ikatoa maji safi bila sauti. Mzee akaifunga, akaongeza vane kidogo. Jikoni tiyo haikutikisika hata kidogo.

Kwa wenye zamu ya maji: zungusha vane robo, nenda mpaka mgongoni, ngoja filimbi iishe. Ni dakika chache tu, hata kama kengele ya kilasi imelia. Walimu wamekubali kwamba mwenye zamu ya vane hataandikwa kuwa amechelewa.

ZOEZI. Tiyo ya pusi mbili, kizibo cha metre 5 kwa sekonde, kona kama ya meza. Tafuta nguvu kwenye kiwiko, kisha tafuta mpaka wapi inaweza kufika kama pigo ni la ghafula. Tia jibu katika sanduku la bulletini karibu na mlango wa biblioteki. Tutaandika majina ya waliopata katika namba ijayo. Na kama mutaona kosa katika hesabu yetu, mulete pia, hatutakasirika.

Kilabu ya Sayansi